Anayesaini kontroli ya gari, apande ndani

MAONI



Katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea, magonjwa ya muhogo na bei ya mchele. Safari hii naomba niongee juu ya gari. Sioni kama ninatoka nje ya kazi yangu ya agronome. Gunia la mchele likikaa kwenye depo halijawa feza bado. Linakuwa feza siku linapofika soko, na mwenye gunia anaona faida yake siku anaporudi nyumbani akiwa mzima. Tukifundishana namna ya kupanda kwa mistari na kupunguza hasara kwenye mavuno, halafu tunapakia mavuno hayo pamoja na wamama wetu juu ya gari ambayo hakuna mtu amejua hali ya frene zake, kazi tumeifanya nusu.

Mawazo yangu ni haya: koperative inayopakia mali na memba wake ndani ya gari iko na haki ya kuikagua gari hiyo kabla haijaondoka, na iko na lazima ya kufanya hivyo. Tusiachie polisi wa barabara, tusiachie mwenye gari, tusiachie Mungu kazi ambayo alitupa macho na mikono ya kuifanya.

Barabara yetu tunaijua

Tuchukue mfano wa barabara ya kitaifa namba 5, ile inatoka Bukavu, inapita Nyangezi, inateremka Ngomo mpaka Kamanyola, halafu inaingia kwenye bonde la Ruzizi: Luvungi, Sange, Kiliba, mpaka Uvira. Mchele, muhogo, mahindi, nyanya na vitunguu vya bonde vinapitia hapo. Maharage, sabuni, mbolea na nguo vinarudia hapo hapo. Na watu vilevile.

Siku ya soko kila mtu anajua picha. Kamyo inajazwa magunia mpaka juu ya mbao. Juu ya magunia wanakaa wamama na watoto, wengine wameshika kamba, wengine wameshika wenzao. Kati ya miguu kuna bido za mafuta ya ngazi, na mara nyingine bido ya esansi. Konvoyere ananing'inia nyuma. Ukimuuliza shofere kama gari iko sawa, atakujibu: «Hii gari ilizoeaka hii njia.» Gari haizoei njia, ndugu zangu. Inaichakaa.

Tena kwenye barabara hii hii tulipata somo ambalo hakuna mtu wa bonde alilisahau. Tarehe 2 Julai 2010 kamyo ya kubeba mafuta ilianguka Sange. Mafuta yakamwagika, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi wao hawakuwa abiria wala mashofere: walikuwa watu wa mji, wengine walikuja kuona, wengine walikuwa ndani ya nyumba wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Ile haikuwa gari ya abiria. Lakini inatukumbusha kwamba gari ikiharibika barabarani haiulizi nani alipanda na nani hakupanda. Inapita katikati ya vijiji vyetu.

«Ajali haina kinga»

Neno hili tunalisikia kila kilio. Ninaliheshimu pale linapotumika kumfariji mfiwa. Linapotumika kama jibu la swali «kwa nini gari ilipinduka?», silikubali.

Wakulima wenyewe hawaamini neno hilo shambani. Mtu akikuletea mbegu ya mahindi, hausemi «kuota au kutoota ni mapenzi ya Mungu». Unachukua mbegu 100, unazilaza kwenye kitambaa chenye maji, unangojea siku chache, unahesabu. Zikiota 60 tu, unamrudishia mbegu zake. Tena tunataka mbegu iwe na karatasi ya SENASEM, kwa sababu tunajua kwamba macho peke yake yanaweza kudanganywa. Tunafanya hivyo kwa mbegu ambayo hasara yake ni msimu mmoja. Kwa gari ambayo hasara yake ni maisha ya watu 20, tunaangalia tu kama iko na fasi ya kukaa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 1.190.000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, ajali ya barabarani njo sababu ya kwanza ya kifo, mbele ya magonjwa. Hao njo wenye nguvu za kulima kesho. Kama ingekuwa ugonjwa wa mihogo, tungekuwa tumekwisha kuitisha mikutano.

Karatasi si frene

Watu wataniambia: «Lakini kontroli iko. Barabarani tunasimamishwa kila fasi.» Ndiyo, tunasimamishwa. Tujiulize wanaangalia nini. Wanaomba perimi, karte roze, asiranse, na karatasi ya kontroli tekniki. Hizo zote ni karatasi, na zinaangaliwa wakiwa wamesimama kwenye dirisha la shofere. Ni mara ngapi umeona mtu anayeinama kuangalia pine ya ndani upande wa nyuma? Ni mara ngapi umeona mtu anamwambia shofere: «Kanyaga frene, nione»? Na kama karatasi moja inakosekana, kila mtu anajua mazungumzo yanayofuata na namna yanavyoisha. Gari inaondoka na pine ile ile.

Sheria si mbaya. Sheria ya barabarani ya Congo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inataka gari iwe katika hali nzuri ya kutembea bila kuhatarisha watu. Kontroli tekniki iliwekwa kwa ajili hiyo: mtu anayejua gari aiangalie chini na juu, apime frene, volani, taa na pine, halafu ndipo aandike. Tatizo ni kwamba kwetu kuandika kumetangulia kuangalia, na mara nyingi kuangalia hakufiki kabisa. Mwenye gari amelipa, amepewa karatasi, naye anaamini amemaliza. Amelipa kodi moja zaidi, basi.

Siwalaumu mashofere peke yao. Shofere wengi si wenye gari. Tajiri anataka versement yake kila jioni. Shofere akisema frene zimechoka, anajibiwa: «Fanya kwanza safari hii, tutaona.» Akikataa, kuna kijana mwingine anayengoja volani. Kwa hiyo anakubali, anamwaga maji kwenye pine zikipata moto, anaendelea.

Na tusisahau asiranse. Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015, SONAS si peke yake tena kwenye kazi ya asiranse, makampuni mengine yaliruhusiwa kuingia. Lakini asiranse yoyote inaandikwa kwa kazi fulani. Gari iliyoandikwa kuwa ya mizigo, ikibeba watu 20 juu ya magunia, siku ya ajali msitegemee kwamba malipo yatakuja kirahisi. Kabla ya kupakia, koperative iulize: karatasi hii imeandikwa mizigo au watu? Tena watu wangapi? Swali hilo haligharimu franga hata moja.

Ngomo inakula frene namna gani

Nataka tuelewe kwa nini ninasisitiza frene. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770. Kati ya hizo mbili, kuna mteremko, na sehemu kubwa ya mteremko huo tunaimaliza kwenye kona za Ngomo.

Kamyo yenye uzito wa tani 8, mizigo na watu ndani, ikishuka metre 600, nguvu yote ya uzito ule lazima iende fasi fulani. Kama shofere anashuka kwa kukanyaga frene tu, nguvu hiyo inageuka joto ndani ya frene. Nilipiga hesabu: joto hilo linatosha kuchemsha maji baridi litre 140, ni kusema bido saba za litre 20. Fikiria moto wa kuchemsha bido saba ukiwa umefungwa ndani ya magurudumu. Frene zikipata joto namna hiyo zinaanza kuteleza. Mafuta ya frene nayo, yakiwa ya zamani na yameingia maji, yanachemka. Shofere anakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari haisimami. Hapo njo tunasikia: «Frene zilimukataa.»

Hazikumkataa ghafla. Zilikuwa zimechoka tangu Nyangezi, pengine tangu mwezi uliopita. Shofere anayejua kazi anashuka kwa vitesi ndogo ili moteri ishikilie gari, na frene anaziachia mapumziko. Lakini vitesi ndogo inakula wakati, na shofere aliyechelewa kupakiwa hana wakati.

Tuongeze na mwendo. Gari inayokwenda kilometre 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kila segonde. Kabla shofere hajaondoa mguu kwenye gazi, metre 17 zimekwisha kwenda. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimama kwa frene inaongezeka mara nne. Mtoto anayevuka barabara ya Luvungi hana hesabu hiyo kichwani. Sisi tuwe nayo.

Ubaya mmoja unatoka kwetu

Hapa nitasema jambo ambalo halitafurahisha wote. Magari yetu yanabebeshwa kupita kiasi kwa sababu ya namna sisi wenyewe tunavyolipa.

Tunalipa kwa gunia, na abiria wanalipa kwa kichwa. Kila gunia la ziada na kila kichwa cha ziada ni feza ya shofere. Halafu tunashindana naye bei mpaka ya mwisho. Tukimpunguzia bei ya gunia, anatafuta pengo hilo juu ya gari: anaongeza watu.

Tuhesabu mfano, bei ni za kufikirika tu. Tuseme gari inaruhusiwa kubeba kilo 3.500, kiasi hicho kinaandikwa kwenye karatasi za gari au kwenye kibati chake. Tunapakia magunia 30 ya mahindi, kila moja kilo 100. Ni kilo 3.000. Hapo bado tuko ndani ya kipimo, kama magunia ni ya kilo 100 kweli na hayakuongezwa kichwa juu. Halafu wanapanda watu 20. Tukimhesabia kila mtu kilo 60, ni kilo 1.200. Jumla kilo 4.200. Tumepita kipimo kwa kilo 700, na bado hatujahesabu bido, mbuzi na mizigo ya mkononi. Tena uzito huo uko juu kabisa, fasi inayofanya gari ipinduke kwenye kona.

Kwa upande wa feza: magunia 30 kwa franga 10.000 ni 300.000. Watu 20 kwa franga 5.000 ni 100.000. Tukitaka shofere aache watu hao, lazima tujue kwamba tunamnyima 100.000. Tukiigawa juu ya magunia 30, ni franga karibu 3.300 kwa kila gunia. Ni feza, sisemi si kitu. Lakini kila mkutano mkuu uihesabu kwa bei zake za kweli, halafu uamue ukiwa na macho wazi. Leo tunaamua bila kuhesabu, na wanaolipa tofauti ile ni wamama wanaokaa juu.

Na abiria wale 20 hawatabaki nyumbani. Nao wana mboga za kuuza, wagonjwa wa kutembelea, ada za shule za kulipa. Njo maana napendekeza tuwatenge: magunia kwenye kamyo, watu kwenye bisi ndogo. Mwenye bisi hapendi kuja kijijini kwa sababu hajui kama atapata watu. Koperative inaweza kuandika majina na kukusanya nauli jioni kabla ya siku ya soko. Mwenye bisi akijua kuna watu 15 waliolipa, atakuja, na hatakuwa na sababu ya kuzunguka saa mbili akitafuta wengine wa kushindilia.

Jambo lingine ni saa. Mara nyingi tunamwambia shofere aje saa mbili asubuhi, na tunamaliza kupakia saa nane mchana kwa sababu mizani haikuwa tayari, au mweka hazina hakufika, au magunia hayajashonwa. Halafu tunashangaa kwamba anakimbia, au anashuka Ngomo usiku na taa moja. Kama tunataka shofere aendeshe polepole, depo yetu iamke mapema.

Mambo nane ya kuangalia

Kazi hii haitaki mashini. Inataka watu watatu, nusu saa, na shofere mwenyewe akiwepo. Gari iangaliwe ikiwa bado haina kitu.

1. Frene. Moteri ikiwaka, shofere akanyage kwa nguvu na ashikilie mpaka mhesabu 30. Pedali ikizidi kushuka, kuna fasi inavuja. Halafu atembeze gari polepole uwanjani na kusimama: isivute upande mmoja. Kwa kamyo ya frene za hewa, zima moteri, nyamaza, sikiliza kama hewa inatoka.

2. Frene ya mkono. Gari iwekwe kwenye kilima kidogo, frene ya mkono peke yake ishikilie. Na vipande vya mbao vya kuweka chini ya pine, vile mashofere wanaita kala, viwepo ndani ya gari. Jiwe la barabarani si kala.

3. Pine. Angalieni zote, na zile za ndani nyuma pia. Pine isiwe na waya inayoonekana, uvimbe, wala mpasuko ubavuni. Ndani ya mifereji ya pine kuna vidonge vidogo. Kama pine imelika mpaka sawa na vidonge hivyo, imekwisha. Pine nyingi hapa zinaingia zikiwa okazyo, kwa hiyo tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1512 maana yake pine ilitengenezwa juma la 15 la mwaka 2012. Pine ya miaka mingi namna hiyo inaweza kuonekana nzuri na bado ikapasuka kwa joto.

4. Buloni za magurudumu. Zote ziwepo na zikazwe. Kutu inayochirizika toka kwenye buloni inaonyesha kwamba imelegea.

5. Volani. Pine zikiwa zimenyooka, zungusha kidogo. Kama volani inazunguka sana bila pine kusogea, gari ipelekwe kwa mekanisye.

6. Taa, klaksoni, vioo na vifagio vya mvua. Gari nyingi kwetu zina volani upande wa kuume, na Congo tunatembelea kuume. Shofere haoni vizuri anapotaka kupita gari nyingine. Kwa gari hizo kioo cha upande wa kushoto ni lazima, na mtu wa kumsaidia kuangalia pia.

7. Milango, viti na kamba. Kwenye bisi, milango yote ifunguke toka ndani. Kizimamoto kiwepo. Esansi isibebwe hata kidogo pamoja na watu.

8. Shofere mwenyewe. Awe na perimi, asiwe amekunywa, na awe amelala. Muulizeni alifika saa ngapi toka safari iliyopita. Shofere wa usiku kucha ni hatari kama frene mbovu.

Karatasi ya mambo haya nane iandikwe, kila jambo na alama yake, na watu watatu wasaini. Mmoja awe wa kamati. Mmoja awe mtu anayejua gari, kijana mekanisye wa kijiji anatosha. Wa tatu awe mama mmoja kati ya wale wanaosafiri siku ile. Na walau mmoja wa waliosaini apande gari hiyo hiyo.

Ninashikilia sharti hili la mwisho. Tunajijua. Karatasi ya koperative nayo inaweza kugeuka karatasi ya kula: franga 2.000 chini ya mkono na saini inatoka. Lakini mtu akijua kwamba atakaa ndani kwenye kona za Ngomo, mkono wake utaandika kweli.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza atasema: «Hiyo ni kazi ya Leta.» Ni kweli, na tuidai. Lakini Leta haizuii mtu kuchagua gari ya kupanda. Hapa tuelewane vizuri: koperative haina ruhusa ya kumpiga mtu faini, kushika perimi au kufunga barabara. Tukifanya hivyo tutakuwa baryeri nyingine kati ya baryeri. Nguvu yetu ni moja tu, nayo inatosha: kutopakia. Mali ni yetu, feza ni yetu, hakuna sheria inayotulazimisha kuziweka ndani ya gari mbovu.

Wa pili atasema: «Nyanya hazingoji. Gari ni moja. Tukiikataa, mali itaoza.» Hoja hii ni nzito, na mimi kama agronome ninaijua vizuri kuliko wengi. Nyanya iliyoiva inaharibika kwa siku chache. Ndiyo sababu ukaguzi usifanywe asubuhi ya kupakia, wakati makreti yamekwisha kujaa na kila mtu anakasirika. Ufanywe siku moja au mbili mbele, gari ikiwa na nafasi ya kutengenezwa au kubadilishwa. Na koperative mbili au tatu za jirani zikiungana, zinaweza kuwa na orodha ya gari nne au tano zilizokaguliwa, badala ya kila moja kubembeleza gari moja.

Wa tatu, mwenye gari, atasema: «Mukinisumbua nitakwenda kubeba mali ya wengine.» Aende, kama anataka. Lakini mwenye gari anapenda kazi ya uhakika. Tumpe mkataba wa msimu mzima: safari kadhaa kwa juma, bei ya safari na si ya gunia, malipo siku ile ile bila kuzungushwa, depo inayopakia kwa wakati. Badala yake anakubali ukaguzi, kipimo cha uzito, na kutobeba mtu juu ya magunia. Koperative inayochelewesha malipo miezi miwili haina uso wa kumdai mtu pine mpya.

Wa nne atauliza juu ya motari. Ni kweli, wengi wetu tunasafiri kwa moto, watu watatu na gunia moja. Frene, pine, mnyororo na taa ya moto vinaangaliwa kwa dakika tano. Tuanze na zile moto zinazobeba mbegu na mbolea za koperative, na wale wanaobeba watoto wetu shuleni.

Tunaidai nini Leta

Kujisaidia hakuondoi haki ya kudai. Mambo matatu tu ningependa koperative zetu ziombe kwa pamoja, kwa barua, kwa wakuu wa jimbo na wa territoire, pamoja na polisi wa barabara na CNPR, ile kamisheni ya kuzuia ajali barabarani.

La kwanza, kontroli tekniki ifanywe na mtu anayeinama chini ya gari, siku inayojulikana, fasi inayojulikana, karibu na masoko makubwa. Shofere wa bonde asilazimike kwenda mji mkubwa kutafuta karatasi, kwa sababu hapo njo anapojifunza kuinunua bila gari kuonekana.

La pili, bei ya kontroli ibandikwe ukutani. Bei inayojulikana inakata mdomo wa ujanja.

La tatu, barabara itengenezwe. Hakuna pine wala volani inayoweza kudumu kwenye mashimo yale. Mwenye gari analipa peyaji na ushuru mwingi. Ana haki ya kuona kazi yake. Gari nzuri kwenye barabara mbovu inageuka gari mbovu kabla ya msimu kwisha.

Jambo la kupeleka kwenye mkutano mkuu

Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na ambayo sisi Wakongomani tunaifuata tangu nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, inawapa memba mkutano mkuu na sheria ya ndani. Tuzitumie. Naomba kila koperative inayosoma gazeti hili iweke swali la gari kwenye mkutano wake unaokuja, kabla ya mavuno kuanza, na kupiga kura juu ya haya: gari isipakiwe bila karatasi ya mambo nane, mtu asipande juu ya magunia yetu, tulipe kwa safari na tusivuke kipimo, mtu mmoja wa kamati awe na daraka la usafiri, na atoe ripoti kama mweka hazina anavyotoa.

Wale wa kamati ya kusimamia wasiache kuomba karatasi hizo kila mwisho wa mwezi. Na wamama, ninyi mnaokaa juu ya magunia na ambao hamuulizwi, semeni kwenye mkutano huo. Mnajua kuliko sisi wote kona gani gari inalala upande, shofere gani anapiga simu akiendesha, na gari gani inanuka frene zikiungua kabla ya kufika Kamanyola. Maarifa hayo hayako kwenye karatasi ya kontroli yoyote.

Koperative yoyote ikitaka mfano wa karatasi ya mambo nane, iombe kwa agronome wa eneo lake. Tutaileta pamoja na mbegu za msimu huu.